Usizungushe Chupa ya Zamani kwa Mchanga wa Ziwa

Mwongozo wa kuchagua vipande na unga wa kung'arishia chupa, kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Chupa iliyolala miaka mingi kwenye tope la ziwa haichafuki tu, inaugua. Maji yanapokigusa kioo kwa muda mrefu huyeyusha taratibu magadi yaliyomo ndani yake na kuacha juu ngozi nyembamba ya silika iliyojaa vinyweleo. Ngozi hiyo ndiyo ule ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Ikizidi hutoa rangi za upinde wa mvua na kuanza kubanduka. Hapo hakuna cha kuosha, maana kilichoharibika ni kioo chenyewe. Kilichobaki ni kuiondoa ngozi hiyo hadi ufikie kioo kizima kilicho chini yake.

Wakusanyaji wa chupa duniani hufanya hivyo kwa kuifunga chupa ndani ya bomba pamoja na maji, vipande vidogo vya metali laini na unga wa kusugulia, kisha bomba zima likazungushwa na mota kwa siku kadhaa. Aliyewahi kufika kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo kule Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita, ameshaiona mashine ya aina hii: pipa linazunguka, na gololi za chuma zilizomo zinaponda mawe ya dhahabu. Sisi tunataka kinyume chake, kwamba mle ndani kisipondwe kitu.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye mota. Uko kwenye swali la nini kiingie ndani. Watu wengi huanza na kilicho karibu na kisicho na gharama: mchanga wa ufukweni, gololi za beringi, chubwi za nyavu. Hivyo vyote vitatu ni vibaya, na kimoja kati yake ni sumu.

Vipande na unga: kila kimoja na kazi yake

Lishike hili kabla ya kununua chochote. Vipande havisugui. Kazi yake ni kuubeba unga, kuukandamiza kidogo kwenye kioo na kuuvuta. Unga ndio unaokula kioo. Kwa hiyo vipande vinatakiwa kuwa laini kuliko kioo lakini vizito, na unga uwe mgumu kuliko kioo lakini laini mno kwa saizi.

KISANDUKU CHA 1: NANI ANAMKWARUZA NANI

Kipimo cha Mohs, kilichotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, hupanga ugumu kuanzia 1 hadi 10. Chenye namba kubwa hukikwaruza chenye ndogo.

- Risasi: 1.5
- Alumini: karibu 3
- Shaba: 3
- Kioo cha chupa: 5.5
- Gololi za beringi: zaidi ya 6
- Kwatzi, ambayo ndiyo mchanga mweupe wa ufukweni na sehemu ya miamba ya Mwanza: 7
- Alumini oksaidi: 9
- Silikoni kabaidi: zaidi ya 9

Utauliza: kama alumini oksaidi ina ugumu wa 9, mbona inang'arisha, na mchanga wenye 7 unaharibu? Jibu ni saizi. Punje ya unga namba 1200 ina upana wa takribani milimita 0.003. Punje ya mchanga wa kawaida wa ufukweni inafika nusu milimita, yaani zaidi ya mara mia. Mkwaruzo wa kwanza jicho haliuoni. Wa pili ndio ule weupe wa vigae vya chupa vinavyookotwa kandokando ya maji.

Kwanza ijue chupa yako

Usizungushe chupa ambayo haihitaji. Chupa nyingi zinazoletwa na nyavu au kufukuliwa mitaroni zina ukoko wa chokaa na kutu tu, na huo unatoka bila mota.

1. Iloweke chupa kwenye maji ya kawaida yenye sabuni kwa siku nzima. Usimimine maji ya moto kwenye chupa baridi. Kioo cha zamani hupasuka kwa mshtuko.
2. Ondoa tope kwa brashi ya nailoni. Kwa ndani, tia kiganja cha mchele mbichi, maji na sabuni, kisha tikisa. Hii ni njia ya kale na bado inafaa.
3. Kama kuna ukoko, iloweke kwenye siki au maji ya limau kwa usiku mmoja, halafu isuuze.
4. Ikaushe kabisa na uitazame juani. Sasa ilowanishe. Ukungu ukipotea chupa ikiwa na maji na kurudi ikikauka, ni ngozi iliyoharibika, kuzungusha kutasaidia. Doa likibaki vilevile, ikilowa na ikikauka, bado ni uchafu. Rudi hatua ya 3.
5. Pitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa kina, na kuuondoa kutakula kioo kingi pamoja na maandishi.
6. Kagua nyufa kwenye mwanga, hasa kwenye kitako na shingo. Ufa unameta ukiigeuza chupa. Chupa yenye ufa usiizungushe hata kama ufa ni mfupi kama ukucha.

Chupa za kuacha kama zilivyo

Chupa za soda na bia zenye maandishi ya rangi yaliyochapwa juu ya kioo: rangi hiyo itaisha kabla ukungu haujaisha.

Chupa iliyotengenezwa kwa mkono. Tazama mstari wa kiunzi ubavuni. Ukiishia shingoni bila kufika juu ya mdomo, mdomo huo huenda ulimaliziwa kwa mkono, kama ilivyokuwa kabla ya mashine ya Mmarekani Michael Owens kuenea mwanzoni mwa karne ya 20. Chupa za soda zenye gololi ndani ya shingo, alizozibuni Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870, nazo ziweke kundi hili. Gololi yake ingegonga kioo kwa siku tatu mfululizo. Nikikutana na chupa hizi naishia kwenye sabuni na siki. Ukungu wake ni sehemu ya umri wake, na mnunuzi anayezijua huwa hapendi zilizong'arishwa.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji kibali. Chupa za Mwanza karibu zote ni za baadaye sana, lakini hilo halikupi ruhusa ya kwenda na jembe kwenye maeneo ya historia kama Kageye, upande wa Ghuba ya Speke, alikopiga kambi Henry Morton Stanley mwaka 1875. Ukiona kitu unachokitilia shaka, kiache kilipo na uulize. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ni mahali pazuri pa kuanzia.

KISANDUKU CHA 2: CHUPA ZENYE KITU NDANI

Kanda ya Ziwa imelima pamba na kuogesha ng'ombe kwa miongo mingi. Dawa za zamani za pamba na za josho zilikuwa na DDT, aseniki na vingine vya namna hiyo. Chupa iliyozibwa na yenye kimiminika au unga ndani usiifungue, usiinuse, usiimwage. Chupa za buluu au kijani zenye mistari ya kuparuza ubavuni mara nyingi zilitengenezwa hivyo makusudi, ili mtu ajue hata gizani kwamba ameshika sumu.

Na chupa yoyote ya kuokota, hata iking'aa namna gani, isitiwe asali, mafuta ya kula wala maziwa. Ni pambo.

Vipande: shaba kwanza

Shaba, au kopa kama mafundi umeme wanavyoiita, ndiyo inayofaa kuliko vyote. Ni laini kuliko kioo, hivyo haikwaruzi. Ni nzito karibu mara tisa ya maji, hivyo inaukandamiza unga vizuri. Tena ulaini wake unafanya punje za unga zinase kwenye uso wake, na kila kipande kinageuka kitambaa kidogo cha msasa.

Saizi inayotumika sana ni waya wa unene wa milimita 1.6 hadi 2, uliokatwa vipande vya milimita 3. Huhitaji kuagiza nje. Waya wa nyumbani wa 2.5, ule wa soketi wenye uzi mmoja mzito ndani, una unene wa milimita 1.78. Wa 1.5, ule wa taa, una milimita 1.38 na unafaa kwa vichupa vya dawa vyenye mdomo mwembamba. Waya wenye nyuzi nyingi ndogo uache. Hugeuka sindano na kupinda.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama. Mita moja ya shaba ya 2.5 ina uzito wa gramu 22 hivi. Kilo moja ni mita 45, na ukiikata vipande vya milimita 3 utapata vipande kama 15,000. Lita moja ya vipande ina uzito wa takribani kilo 5. Kwa ndani ya chupa ya robo tatu lita unahitaji kama kilo moja. Kwa nje, ndani ya bomba la milimita 110 lenye urefu wa sentimita 30, unahitaji kilo 4 hadi 5, yaani roli mbili hivi za waya. Ni fedha nyingi. Anza na ndani tu. Nje unaweza kusugua kwa mkono, kwa kitambaa na unga uleule, wakati unakusanya shaba kidogo kidogo. Shaba haiishi upesi: ukiitunza itakutumikia miaka.

*Jinsi ya kuitayarisha shaba*

1. Nunua kwa risiti. Nyaya za TANESCO na za reli huibwa na kuuzwa kwenye skrapa, na anayekutwa nazo anaulizwa yeye.
2. Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ndani kukiwa kweupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Pima pia: mita moja ya 2.5 isiyofika hata gramu 15 si shaba tupu.
3. Chuna plastiki kwa kisu. Usiichome. Moshi wa plastiki ya waya ni sumu, na masizi yake yanaganda kwenye shaba.
4. Waya wa kusukia mota na transfoma usiutumie. Umepakwa vanishi, na mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zinazosababisha saratani.
5. Funga nyaya 20 pamoja kwa utepe na uzikate kwa mkasi wa bati au mashine ya fundi bati. Kwa plaizi, waya mmoja mmoja, utachoka kabla hujafika robo kilo. Vaa miwani, vipande huruka.
6. Ncha zilizokatwa ni kali. Zungusha vipande vyenyewe ndani ya bomba tupu, kwa maji na sabuni ya unga kidogo, kwa siku mbili, hadi vikishikwa visichome.
7. Shaba ikiwa nyeusi, isuuze kwa maji ya limau na chumvi, halafu kwa maji mengi. Usiache siki wala limau ndani ya bomba lenye shaba: asidi na shaba hutengeneza ukungu wa kijani ambao ni sumu, na hutia madoa kwenye kioo.

Vinavyofaa kiasi

Punje za plastiki. Viwanda vya mabeseni na mabomba huzitumia kama malighafi. Ni salama kwa kioo na ni nyepesi, kwa hiyo kazi inachukua muda mrefu. Zitie kwanza kwenye glasi ya maji. Zinazoelea hazifai, maana zitabaki juu na kioo kitabaki na unga peke yake. Zinazozama unaweza kuzichanganya na shaba nusu kwa nusu ili kupunguza gharama. Utaongeza siku, si madhara.

Mchele, pumba za mpunga, magunzi yaliyosagwa. Kwa kuosha, ndiyo. Kwa kung'arisha siku nne ndani ya maji, hapana. Vinachacha, vinatoa gesi, na bomba lililofungwa halipendi gesi.

Visivyofaa kabisa

Mchanga wa ziwa na changarawe. Zinaichubua chupa yote kwa usiku mmoja. Kuna kazi moja inayoutaka mchanga: vigae vya chupa vya kutengenezea hereni na mikufu, vile vyenye weupe laini wanavyovipenda watalii. Kwa kazi hiyo mchanga na maji vinatosha, ila kwenye bomba lake lenyewe, lisiloonana na bomba la chupa.

Marudio ya migodini. Ni mchanga uliokwishasagwa laini, na unavutia kwa hilo. Lakini umepita kwenye zebaki, na mara nyingine kwenye sayanaidi. Usiulete nyumbani kwa sababu yoyote ile.

Chubwi na risasi. Zamani huko Ulaya watu walioshea chupa za divai kwa vijipira vya risasi. Wenzetu wavuvi wana chubwi za risasi kwenye nyavu, na ni laini na nzito, kwa hiyo mtu akisoma habari za shaba anaweza kudhani amepata mbadala wa bei nafuu. Risasi inayosuguliwa siku tatu inageuka tope jeusi linaloshika mikono, nguo na sakafu anakotambaa mtoto, na huharibu ubongo wa mtoto bila dalili za mapema.

Gololi za beringi, nati, misumari. Ni ngumu na nzito. Zinagonga kioo na kuacha vidonda vidogo vya duara ambavyo hakuna unga unaoviondoa. Za chuma cha kawaida huacha pia kutu ya rangi ya chungwa. Gololi za kioo za watoto nazo ni vilevile: kioo kwa kioo humegana.

Alumini. Huacha michirizi ya kijivu isiyotoka. Kubwa zaidi, ikikutana na magadi au sabuni kali hutoa gesi ya haidrojeni. Ndani ya bomba lililozibwa hilo ni bomu dogo.

Unga: unaokula na unaong'arisha

Aina ni tatu tu zinazokuhusu.

Silikoni kabaidi, namba 400 hadi 1000, ndiyo inayokula. Itumie pale tu ngozi ni nene au kuna mikwaruzo. Huondoa ugonjwa haraka na kuiacha chupa imefifia yote sawasawa, na hilo huwatia watu hofu. Ndivyo inavyotakiwa kabla ya kung'arisha. Hatari yake ni kula maandishi ya kunyanyuka. Kama maandishi ndiyo yanayoipa chupa thamani, iruke.

Alumini oksaidi namba 1200 inakula kidogo na kung'arisha kiasi. Ukiwa na fedha za unga mmoja tu, nunua huu. Chupa nyingi zenye ukungu mwepesi hazihitaji kingine.

Seriamu oksaidi ni ya kumalizia. Haifanyi kazi kwa kusugua peke yake; inashirikiana na maji kulainisha uso wa kioo kikemikali, ndiyo maana viwanda vya lenzi na vioo huitegemea. Haiondoi mikwaruzo. Ukiitia kwenye chupa ambayo bado ina ngozi mbovu, utapata ngozi mbovu inayometa.

Vinapatikana wapi? Waulize mafundi wa kuondoa mikwaruzo kwenye vioo vya magari. Au agiza Arusha, kwa mafundi wa kukata vito. Huko kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha ukataji wa madini ya vito, na unga wa kung'arishia si kitu kigeni kwao. Mafuta ya kusagia vali yanayouzwa kwenye maduka ya spea usiyachukue: yana punje nzuri lakini yamechanganywa na grisi, na grisi haikubali maji. Dawa ya meno inatosha kujaribia sehemu ndogo ya kitako uone kama kioo kitaitika.

Hatua za kuzungusha

1. Chagua bomba la PVC linaloacha nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2 kila upande wa chupa. Chupa ya bia yenye upana wa sentimita 6 hadi 7 inaingia vizuri kwenye bomba la milimita 110.
2. Ibane chupa isitikisike: mbao au mpira kitakoni, na mpira wa tyubu ya baiskeli shingoni. Chupa na bomba vizunguke kama kitu kimoja. Chupa iliyolegea itagonga ukuta na kuvunjika usiku wa kwanza.
3. Ndani ya chupa tia vipande hadi robo, au theluthi ukizidisha. Tia unga kijiko kimoja cha chakula.
4. Nje, kama una shaba ya kutosha, jaza hadi nusu ya bomba likiwa limelala. Unga vijiko vitatu.
5. Tia maji safi hadi yavifunike vipande tu. Maji yakizidi unga unatawanyika. Yakipungua vipande vinagandana. Unachotaka ni uji mwepesi.
6. Ziba, lilaze, litazame robo saa kama linavuja.
7. Zungusha mara 30 hadi 40 kwa dakika. Piga alama ya chaki kwenye bomba na uhesabu kwa saa. Usiongeze mwendo ukidhani utamaliza mapema: bomba la upana wa sentimita 10 likifika mizunguko 130 hivi, vipande vinang'ang'ania ukutani na kuacha kusugua.
8. Sikiliza. Sauti nzuri ni mchakacho mwororo, kama mvua ya rasharasha kwenye bati. Sauti ya kugonga inamaanisha kitu kimelegea, zima.
9. Baada ya saa 24 fungua, suuza, kausha na utazame juani. Kisha kila siku. Kula kunachukua siku 1 hadi 3, kung'arisha siku 2 hadi 4.
10. Ukihama kutoka unga mmoja kwenda mwingine, osha kila kitu mara tatu: chupa, bomba, mpira, mfuniko. Afadhali zaidi, kila unga uwe na vipande vyake na bomba lake, vikiandikwa kwa wino usiofutika.

Umeme ukikatika, chupa haiharibiki. Chomoa waya tu kabla hujatia mkono. Ukirudi ghafla, mkanda wa mota hauulizi. Ukikatika zaidi ya siku, fungua ulikoroge tope lisigande.

KISANDUKU CHA 3: UKIONA HIVI

- *Mkwaruzo mpya mrefu mmoja:* punje kubwa imeingia, kwa kawaida kutoka kwenye unga wa hatua ya kwanza. Osha vyote, rudia hatua.
- *Pete ya ukungu kwenye bega la chupa:* vipande havifiki hapo. Inua kidogo upande wa kitako, vipande vielekee shingoni.
- *Michirizi ya kijivu:* una alumini ndani. Rudi kwenye kipimo cha kukwangua waya.
- *Doa la kijani au jeusi:* shaba ina asidi au uchafu. Isuuze kama ilivyoelezwa.
- *Hakuna mabadiliko baada ya siku tatu:* maji mengi, au vipande vyepesi. Mara chache sana ni unga.

Mwili wako kwanza

Unga mkavu ni hatari kwa mapafu. Vaa barakoa ya fundi, si kitambaa, na uupime nje, upepo ukiwa umetulia. Ukishalowa hatari hupungua sana, lakini tope lililokaukia mezani linarudi kuwa vumbi. Futa kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Usikubali asidi ya haidrofloriki hata ukiambiwa inasafisha kioo kwa dakika mbili. Kweli inakula kioo. Inapita pia kwenye ngozi, mara nyingine bila kuuma mwanzoni, inafika kwenye mfupa na kuvuruga moyo. Baadhi ya dawa za kusafishia rimu za magari zina ndugu yake, amoniamu baifloridi, soma kibandiko.

Ukienda kutafuta chupa majini, kumbuka mwambao huu ni makazi ya kichocho cha tumbo. Vimelea vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, havihitaji kidonda. Vaa gambuti na glovu za mpira, na usiingie zaidi ya urefu wa gambuti. Kama huwa unaingia mara kwa mara, kapime. Tiba ya prazikwanteli ipo na ni rahisi.

Tope lipelekwe wapi

Tope la kazi hii lina kioo, unga na shaba iliyoyeyuka na kusagika. Shaba kidogo tu ndani ya maji inaua konokono, ndiyo maana chumvi yake iliwahi kutumika kupambana na kichocho. Inaua na samaki wachanga pia. Kwa hiyo lisimwagwe ziwani, mtaroni wala chooni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, basi hata banda la mashine liweke nyuma ya hapo.

1. Mimina tope kwenye ndoo na uliache litulie usiku kucha.
2. Chota maji ya juu yaliyotakata uyatumie kwa mzunguko unaofuata wa unga uleule.
3. Tope la chini lichanganye na saruji kidogo ndani ya kopo la bati, liache ligande, kisha litupe na taka ngumu.
4. Vipande visuuze juu ya chujio, vianike juani na uvifungie kwenye ndoo yenye mfuniko na namba ya unga wake.

KABLA YA KUWASHA, KAGUA

☐ Chupa haina ufa, rangi iliyochapwa wala gololi shingoni
☐ Waya umekwanguliwa na kupimwa: shaba tupu
☐ Vipande vimezungushwa peke yake na havichomi
☐ Unga mmoja tu ndani ya bomba
☐ Maji yamefunika vipande, hakuna siki wala magadi
☐ Chupa haitikisiki ukilitingisha bomba
☐ Mizunguko imehesabiwa, haizidi 40
☐ Ndoo ya tope iko tayari, na watoto wanajua si ya kuchezea